Mgongo wa Kangaga Hauzikwi

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nilipotia mkono katika maji ya akwariamu, lile sanduku la vioo la kufugia samaki, nikatoa jani lililonibaki vidoleni kama karatasi iliyolowa. Lilinuka. Nililifinya nikalitia mfukoni upesi, kwa sababu mwenye nyumba hakuwapo, mkewe alikuwa jikoni, nami sikutaka mtu yeyote alione. Leo mvi zimeingia kidevuni, nafuga samaki katika akwariamu tatu, na vijana wa Bukavu hunijia kuniuliza kwa nini mimea yao inaoza. Kabla sijawajibu, huwasimulia habari za jani lile.

Nilikuwa nimetoka Nyangezi kuja kusoma mjini. Nilipanga chumba kwa Papa Mugisho, mzee aliyestaafu baada ya miaka mingi ya kazi ya maabara. Alikuwa mtu wa maneno machache. Hata chumvi ya mboga aliipima kwa kijiko. Akwariamu ilikuwa katika salon, sebule yake. Ndani yake, juu ya jiwe jeusi, kulikuwa na kangaga la maji, lenye majani ya kijani cha giza, kama yaliyokatwakatwa kwa mkasi. Mwanawe wa pekee, Bahati, aliyekuwa akichimba dhahabu Kamituga, ndiye aliyelibandua kwenye miamba ya kijito cha huko. Alilifunga kwa ganda bichi la mgomba na kulipakata juu ya pikipiki safari nzima, katika zile barabara unazozijua. Papa Mugisho alilifunga kwa uzi juu ya jiwe, akalitazama mwaka mzima likitoa jani moja, likipumzika, likitoa jingine.

Kisha siku moja ikaja simu. Jiwe lilikuwa limemwangukia Bahati mguuni shimoni, wiki kadhaa kabla ya simu hiyo, na sasa alikuwa hawezi kusimama. Papa Mugisho alifunga mkoba wake asubuhi ile ile.

"Samaki, chakula kidogo sana, mara moja kwa siku," aliniambia mlangoni, pikipiki ikiunguruma nje. "Na ile kangaga, ujue iko ya kupanda. Usiiharakishe."

"Ndiyo, Papa."

Nilisema ndiyo kabla sijaelewa. Kuuliza si ujinga, walisema wazee, lakini kijana aliyekwisha kusoma vitabu viwili vitatu huona kuuliza ni aibu. Mimi ni mtoto wa mkulima. Kwetu neno kupanda lina jembe na udongo ndani yake. Nikaenda kulitazama kangaga, nikaona kweli, limefungwa juu ya jiwe, mizizi yake inaelea majini, halina hata punje ya mchanga wa kushika. Nikadhani mzee hakupata nafasi ya kulipanda, sasa ameniachia kazi hiyo. Nikakata uzi. Lile shina lake nene linalolala na kutambaa, ambalo mzee aliliita mgongo, nikalifukia mchangani mpaka shingo za majani, nikashindilia kwa dole gumba kama tunavyofanya na kolokazi, yale magimbi ya bondeni kwetu. Nikaosha mikono. Nilijisifu, mwanangu; nalikumbuka hilo kuliko yote.

Siku za kwanza hakikuonekana kitu. Mmea wa polepole hata kufa hufa polepole, na hapo ndipo unapomdanganya mtu. Wiki ya pili majani yakaanza kugeuka rangi kutoka chini, yakawa ya kahawia, kisha kama kioo kichafu. Mkewe Papa Mugisho, Maman Furaha, alikuwa na desturi ya kuketi kando ya akwariamu kila alasiri na rozari yake. Alasiri moja akaninyooshea kidole kwenye maji.

"Unajua ile siku aliileta, Bahati alisema nini? Alisema, 'Maman, hii ni miye. Ukiiona iko kijani, ujue miye niko muzima.' Alikuwa anacheka. Lakini miye minashika lile neno."

Nikajisogeza nikasimama kati yake na kioo ili asione jani la nyuma.

Tangu siku hiyo nikaogopa kwa namna ambayo sijaogopa tena, hata katika siku tulizolala chini sakafuni tukisikiliza risasi. Risasi hutoka kwa mtu mwingine. Hofu hii ilitoka katika dole gumba langu. Nilijua, kwa akili ya darasani, kwamba mmea si mtu. Lakini kila jani lilipolegea niliuona mguu wa Bahati, na kila simu ilipolia nilitoka nje nisisikie itakayosemwa.

Mwoga hukimbilia kazi. Nikaongeza mchanga, kama tunavyopandishia mazao udongo yanapolegea. Nikafunga samadi ya sungura katika kitambaa, nikaizika kando ya shina. Maji yakawa kama chai, na samaki wawili wakaelea tumbo juu. Niliwafukia nyuma ya nyumba, kisha nikafunika akwariamu kwa kitenge cha zamani.

"Mbona umeifunika?" aliuliza Maman Furaha.

"Mwanga mukali unaichosha, Maman."

Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye rozari yake mbele ya kitambaa. Alisali huku amekielekea kitenge, mwanangu. Uongo hauishi peke yake. Ukiukaribisha mmoja, huja na ndugu zake.

Jumapili iliyofuata Papa Mugisho akapiga simu. Sauti yake ilikuwa mbali, inakatika.

"Kangaga iko aje?"

"Iko vizuri, Papa."

Nikaharakisha kubadili maneno.

"Na Bahati?" nikauliza.

"Tutarudi," akasema. Basi. Hakusema watarudi wangapi wazima.

Walirudi siku ya soko, saa sita mchana, kwa taxi. Maman Furaha alitoka mbio bila kiatu kimoja. Papa Mugisho alishuka kwanza, akafungua mlango wa nyuma, akatoa mikongojo miwili, kisha akamtoa mwanawe. Bahati alikuwa hai. Suruali yake ya mguu wa kulia ilikuwa imekunjwa na kufungwa kwa pini chini ya goti.

Tulilia sote pale barabarani. Majirani wakaja, wengine wakiimba, wengine wakiwa wameshika vichwa. Walipomkalisha salon na kumpa maji, neno lake la kwanza kwangu lilikuwa hili:

"Na kangaga yangu, kaka? Mulifunika kama maiti sababu gani?"

Mama yake akakivuta kitenge.

Harufu ndiyo iliyotangulia. Maji yalikuwa ya kahawia. Mchangani kulikuwa na vijiti vitatu vyeusi vilivyokuwa mabua ya majani. Maman Furaha akajishika mdomo. Bahati akasogeza uso karibu na kioo, akatazama, akanigeukia.

"Eh! Weye ulizika mutu muzima?"

"Papa alisema iko ya kupanda," nikasema. "Nikapanda."

Papa Mugisho akakaa chini polepole. "Kupanda," akasema. "Kupanda sawa vile nyani inapanda muti. Inapanda juu ya jiwe. Nilisema kolokazi?"

Bahati akacheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, akipiga mkongojo sakafuni. "Mutu wa Nyangezi! Ukimupa nyani, atamuzika pia, angojee mavuno!" Mimi pia nilitaka kucheka, lakini nikaona baba yake hacheki, na Bahati naye akaulaza mkongojo chini.

"Ilianza kuharibika siku gani?" mzee akaniuliza.

"Wiki ya pili, Papa."

"Na simu ilikuwa wiki ya ngapi?"

"Ya tatu."

Akautazama mguu wa mwanawe, kisha akanitazama mimi. Hakupandisha sauti.

"Hii miezi mbili nimesikia 'iko vizuri' ya vijana wawili. Huyu jiwe lilimupiga. Akaogopa nitamurudisha nyumbani, akafunga kidonda na kitambaa, akavaa kiatu ya botte juu yake. Kila mara nikipiga simu: 'Iko vizuri, Papa.' Muganga aliniambia, kama angekuja wiki ya kwanza, ni kusafisha tu. Na weye, kama ungeniambia siku ile, ningekuambia neno moja: itoe. Neno moja."

Bahati alikuwa anatazama sakafu. Mficha maradhi, kifo humuumbua; na kifo kikichelewa, huchukua mguu kama rehani.

Mzee akakunja mkono wa shati, akaingiza mkono majini, akalifukua lile shina. Akalifinya kutoka ncha moja hadi nyingine, polepole, kama anayepapasa mfupa. Sehemu kubwa ilibonyea na kutoa uji. Mwishoni kabisa vidole vyake vikasimama.

"Lete wembe. Maman, uzi wa pamba."

Kilichobaki kilikuwa kirefu kama pingili ya kidole changu, hakina jani hata moja, lakini kilikuwa kigumu. Alikiosha, akakifunga juu ya jiwe jeusi, uzi usiokaza wala kulegea. "Mugongo ukiwa mugumu, haijakufa," akasema. "Na chenye haijakufa hakizikwi."

Kisha akanipa adhabu yangu. Kila Jumapili niandike daftarini nilichokiona, na kama sikuona kitu niandike hivyo hivyo, bila kupamba. Niliandika "hakuna" Jumapili kumi na tisa. Unajua uzito wa neno hilo, unapoliandika na Maman Furaha ameketi pale na rozari, na Bahati anajifunza kutembea ukumbini, tok, tok, tok? Nilitamani kuandika "labda". Sikuandika. Jumapili ya ishirini nikaona nukta ya kijani, ndogo kuliko punje ya mtama. Nikamwita Bahati. Akaja kwa mikongojo, akatazama muda mrefu, akasema tu, "Andika."

Basi, mwanangu, nasaha yangu si ndefu. Mimea hii inayoshikilia mawe na magogo usiitie mchangani. Mizizi yake ni mikono ya kushika tu, na mgongo wake unataka maji yanayopita; ukifukiwa, huoza. Ifunge kwa uzi wa pamba, iweke penye mwanga wa kiasi, iache mahali pamoja. Usiibandue kila siku kuangalia kama imeshika. Jani la zamani likifa, likate, usiomboleze. Ukiogopa kwamba mmea umekufa, usitazame majani, finya mgongo.

Na neno usilolielewa, liulize mtu angali mlangoni, hata kama pikipiki inaunguruma. Ukiharibu, sema siku hiyo hiyo. Hofu itakuambia ngoja kidogo, funika kidogo, sema iko vizuri. Usiisikilize. Siku hizi mji wetu umejaa hofu, na kila mtu ukimsalimia anajibu iko vizuri. Nami huogopa nikilisikia jibu hilo, kwa sababu najua lilichukua nini katika nyumba ile.

Kipande ninachokupa leo kimetoka kwenye pingili ile ile. Bahati mwenyewe ndiye aliyekikata, na amesema nikukumbushe kwamba si kolokazi.

Mungu akupe jiwe la kushikilia na maji yasiyosimama. Akupe mtu wa kumwambia ukweli mapema, nawe akufanye mtu wa kuambiwa. Na siku majani yako yote yatakapoanguka, mgongo wako ukutwe mgumu.