Kiazi Kinachozaa Kimoja

Mama alipokuja kututembelea Stockholm kutoka Pemba, niligeuka mkalimani ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Binti yangu wa miaka kumi na miwili Kiswahili anakisikia vizuri, ila hujibu kwa Kiswidi. Mama Kiswidi hajui hata salamu. Basi kila jibu la mtoto lilipita kwangu, na nilichokiogopa ni kwamba mama angerudi kwao, yeye na mjukuu wake wakiwa wamejuana kwa mdomo wangu tu.

Asubuhi moja mama aliusukuma mkate pembeni. "Mie nataka viazi vikuu," akasema. "Au nchi hii havipo?"

Mtoto akatoka chumbani mbio, akaniuliza kwa Kiswidi kama bibi ana ugonjwa wa mapafu. Sikumwelewa mara moja. Mimi nafanya kazi kwenye zahanati, na neno "kikuu" humu ndani lilikuwa halijawahi kutamkwa ila likifuatana na kifua. Nilipomfasiria, mama alicheka mpaka mtandio ukamteleza. Kisha akasema mtoto apelekwe akavione kwa macho yake, asije akadhani bibi yake anakula maradhi.

Kutoka kwetu Rissne mpaka Rinkeby ni kituo kimoja cha treni. Dukani kulikuwa na aina mbili zimechanganywa kwenye boksi moja, chini ya kibandiko kimoja kilichoandikwa "jams", jina lao la viazi vikuu. Kimoja kirefu kama mkono wangu, ganda lake kavu kama gome, limeota vinyweleo. Cha pili kifupi na kipana, kina vidole kama mguu uliovimba. Mama alikikwaruza hicho kwa ukucha, ndani kukatokea zambarau. Muuzaji alitukazia macho mpaka alipoona tunavichukua vyote viwili.

Jikoni maswali yakaanza. Mtoto huyu akishikwa na jambo haachii. Mimi nikafasiri maswali, mama akaeleza: kuna kiazi kinachozaa kimoja kikubwa, kama hivi viwili vya dukani, kuna kinachozaa vingi vidogo chini ya shina lenye miba, na kuna kinachozaa juu, viazi vikining'inia hewani kama matunda. Hata kupanda mti havipandi sawa. Cha zambarau huzunguka kwenda kulia, chenye miba kushoto. Nimezaliwa kulekule na hilo sikuwa nalijua. Mimi nilijua kula tu.

Mtoto akataka kujua kipi kina mavuno zaidi. Kabla sijafasiri, simu ya kazini ikalia, nikaenda kuipokea chumbani. Maneno yakawa marefu. Niliporudi nilisimama mlangoni, kwa sababu nilisikia sauti mbili na hapakuwa na Kiswidi.

"Bibi, hii anazaa moja tu?"

"Kimoja tu. Lakini hicho kimoja, ukikichimba peke yako hukitoi."

"Na kama... kama jembe inakata yeye?"

"Kikikatika tunakula, mjukuu wangu. Kichwa chake unakirudisha shimoni, mwakani kinazaa chengine."

Mtoto akakigeuzageuza kile kiazi kirefu akitafuta kichwa. Mama akamshika kidole, akakiweka mahali penyewe.

Ile "anazaa" ilinikera masikioni. Nikakaa mezani, nikafungua mdomo kusahihisha. Mama akanifinya paja chini ya meza bila kunitazama, nao wakaendelea: kichwa kinazikwa kina gani, nani anakichimba, kwa nini chenye miba kinapandwa na watu wakati kinachoma. Kila sentensi ya mtoto ilikuwa na kosa, na kila moja ilijibiwa.

Nilifurahi mno. Na wivu nao ulikuwepo, sifichi. Nikachukua kisu nikaanza kumenya kile cha zambarau, utomvu wake ukaniwasha viganja. Nikawaambia kinawasha. Hakuna aliyegeuka.