Nataka Ile Haina Sauti

Ilianza Jumamosi, saa nane mchana, pale Koboko. Naandika mapema siku na saa ili usije ukadhani ni hadithi ya kuambiwa. Nilikuwepo. Nilivaa gauni la shule kwa sababu la kanisani lilikuwa limefuliwa, na jua lilikuwa kali hata mbwa wa sokoni walikuwa wamelala chini ya malori. Kama ni jambo la kuota, mbona nakumbuka mpaka mbwa?

Mimi si msemaji. Hata darasani mwalimu akiniuliza swali nalijibu kwenye daftari. Kwa hiyo ukiona nimeamua kusimulia, ujue nimebanwa.

Baba Mdogo, yaani mdogo wake baba yangu, alirudi Arua kutoka Nairobi na kompyuta. Alikuwa amefanya kazi huko kwenye chumba cha kurekodi muziki, akataka na sisi tuwe na chetu. Mama akampa chumba cha mwisho cha nyumba yetu, kile tulichokuwa tunaweka mahindi. Tulibandika magodoro ya zamani ukutani na trei za mayai darini. Jenereta tukaipeleka nyuma kabisa, ng'ambo ya choo, tukavuta waya mrefu. Wakati huo watu wa Arua walikuwa hawajazoea jambo hilo: kwaya zilikuja na mavazi kamili, kana kwamba kompyuta ina macho.

Lakini mwimbaji tuliyemtegemea alikuwa dada yangu Candiru. Usinione najisifia ndugu. Candiru akiimba, hata mama zetu walioacha kulia siku nyingi walilia. Alikuwa ana mchezo wa kuvuta mwisho wa maneno, "njooo", "hapanaaa", mpaka nyumba nzima tukaanza kuongea hivyo. Baba Mdogo alikuwa anamwandalia kaseti yake ya kwanza. Ile sauti ndiyo ilikuwa mali ya nyumba yetu. Hatukuwa na nyingine.

Sasa shida ikawa hii. Jenereta ilikuwa na tabia ya kukohoa na kuzima. Siku moja ilizima kwaya ya watu wa Dadamu ikiwa kwenye wimbo wa mwisho, na kazi yao ya mchana kutwa ikapotea yote. Walitazama kompyuta kama watu wanaotazama maiti. Baba Mdogo akaapa kwamba kuanzia siku ile kila wimbo utawekwa mahali pawili palepale unaporekodiwa. Lakini uwekwe wapi? Disketi, zile nyembamba, wimbo mmoja ulizimaliza zote tulizokuwa nazo. Kaseti ilikuwa inavuma, na ukiinakili tena inavuma zaidi. Akaazima kwa rafiki yake diski ya nje, sanduku zito kama tofali, lenye waya mfupi mno, kwa hiyo lazima likae mezani karibu na kipaza sauti. Lilifanya kazi. Ila lilikuwa linalia kama mbu aliyeingia kwenye chandarua. Candiru akishusha sauti, mbu ndiye anayesikika. Tulilifunika kwa blanketi, likapata moto. Tukaliweka kwenye beseni la mchanga, likalia na mchanga wake.

"Huyu mbu anataka kuwa mwimbaji," Candiru akasema. "Mumpe kaseti yake, mimi niende kulima."

Ndiyo maana tukaenda Koboko. Vitu vingi vilikuwa vinapita Oraba pale mpakani, vinashukia Koboko kabla ya kufika kwetu, na mtu mmoja alimwambia Baba Mdogo kwamba kuna duka la vifaa upande wa barabara ya mpakani. Nilifuatana naye kwa sababu ilikuwa likizo, na yeye bila miwani alikuwa hasomi maandishi madogo ya kwenye maboksi.

Duka tuliliona. Lilikuwa dogo, la mabati, na pazia la kitenge mlangoni. Nje malori yalikuwa yananguruma, muuza mikate anaita, watoto wanafukuza gurudumu. Tukafunua pazia tukaingia. Na hapo, haki ya Mungu, vyote vikakatika. Nilipiga kandambili yangu sakafuni makusudi. Kimya. Nilitazama nje kupitia tundu la bati: jogoo alikuwa amenyoosha shingo, mdomo wazi, anawika. Sikusikia kitu.

Mwenye duka alikuwa mwanamume wa makamo, shati jeupe safi, amekaa. Akatusalimu kwa Kikakwa kwa sauti ya mzee mwenye kikohozi. Nikadhani anaumwa. Baba Mdogo akajibu, akauliza habari za biashara, na yule mtu akasema, "Biashara iko, Baba, karibu kiti," kwa sauti ya msichana. Msichana kabisa, laini, wa rika langu. Nikamtazama Baba Mdogo. Hakushtuka. Alikuwa anajipepea kwa kofia.

Ungekuwa wewe ungefanya nini? Ungekimbia? Mimi nilishika tu mkoba wake.

"Mzee," Baba Mdogo akasema, "mimi nataka kitu ya kukamata nyimbo kutoka kompyuta. Lakini nataka ile haina sauti."

Hapo ndipo penye neno. Kwetu West Nile, mtu akitaka pikipiki isiyopiga makelele atasema anataka ile haina sauti. Redio ikikoroma, sauti. Mbuzi wa jirani, sauti. Ni Kiswahili chetu cha barabarani, kinatutosha, hakijawahi kumdhuru mtu. Lakini mwalimu wetu alisomea Tanzania, na alitupiga fimbo mpaka tukajua kwamba kelele ni kelele na sauti ni sauti.

Mwenye duka akainua kichwa. "Haina sauti?" Sasa alikuwa na kigugumizi: "S-s-sauti kidogo, ao sauti yote?"

"Yote. Sauti hapana kabisa."

"Sauti yote iondoke?"

"Yote iondoke, Mzee. Inanisumbua sana."

Sijui ujasiri ulitoka wapi. Nikamvuta shati. "Baba Mdogo, sema kelele. Usiseme sauti. Mwambie hutaki kelele."

Akacheka. "Sauti, kelele, si mtu na ndugu yake? Wewe na Kiswahili ya shule! Mzee, samehe huyu, amesoma."

Yule mtu akanitazama, akasema polepole, kwa sauti ya bibi kizee: "Huyu mtoto anajua kununua kuliko wewe." Kisha akamgeukia: "Lakini mwenye kununua ni wewe. Na umesema."

Akatoa chini ya meza kisanduku cheusi, kidogo kuliko Biblia. Hakikuwa na maandishi yoyote ya mimi kusoma. Kilikuwa cha baridi. Baba Mdogo alikiweka sikioni, akakigonga kama mtu anayechagua tikiti maji.

Jumapili baada ya ibada tukakiunga. Taa yake ndogo ya kijani ikawaka, ikatulia, haikupepesa hata kidogo. Baba Mdogo akavaa vile vya masikioni, akasikiliza, akafumba macho. "Hakuna mbu," akanong'ona. "Hakuna hata pumzi ya mbu."

Nilimwambia Candiru mlangoni, "Usiimbe leo."

"Kwa niniii?"

"Yule mtu wa duka alikuwa na sauti za watu."

"Na wewe uko na masikio ya sungura," akasema, akanibana pua, akaingia.

Aliimba ule wimbo wa mama anayengoja mwana aliyekwenda vitani. Sijawahi kusikia akiimba vile, na sitasikia. Mama alikuwa dirishani na ungo wa maharage, mkono umesimama. Wimbo ukaisha. Baba Mdogo akainua dole gumba, akasema, "Safi! Safi kama maji!" Candiru akacheka.

Nasema akacheka kwa sababu mabega yalitikisika na meno yalionekana. Sauti haikutoka.

"Wacha mchezo," Baba Mdogo akasema. Sote tulijua mizaha ya Candiru. Akafungua mdomo tena. Nikaona jina langu likiundwa midomoni mwake, nikaliona vizuri, lakini halikufika. Ndipo akajishika koo. Mama akaangusha ungo.

Baba Mdogo akabonyeza kompyuta iucheze wimbo. Pale kwenye kioo, mahali ambapo sauti huonekana kama milima, palikuwa na mstari mmoja ulionyooka kama uzi uliovutwa. Akachukua nyundo akiponde kile kisanduku. Candiru ndiye aliyemdaka mkono. Alikumbatia kile kisanduku kifuani kama mtoto, akatikisa kichwa, machozi yanateremka bila hata kwikwi. Je, kama sauti yake imo humo ndani? Nani angethubutu kuponda?

Jumatatu tukarudi Koboko sote watatu. Usifikiri duka lilitoweka. Lilikuwepo, pazia lilelile. Ila mwenyewe alikuwa nje, anapandisha maboksi kwenye lori la kwenda Kaya, ng'ambo ya mpaka. Alipotuona akafurahi.

"Karibuni tenaaa," akasema.

Ilikuwa sauti yake. Ilikuwa ya Candiru, mpaka ule mvuto wa mwisho. Safari hii Baba Mdogo naye alisikia, maana alirudi nyuma akashika tairi la lori. Candiru alijiziba mdomo kwa mikono miwili, kana kwamba maneno yametoka kwake.

"Rudisha," Baba Mdogo akasema. "Rudisha, Mzee, tafadhali. Chukua mashine yako. Chukua na kompyuta."

"Mashine iko na shidaaa? Inapiga kelele?"

"Haipigi."

"Basi. Ulisema yote iondoke. Mimi nilifanya kazi safi."

Baba Mdogo akamkamata shati, watu wakajaa. Askari mmoja akaja na kijiti cha meno mdomoni. "Mutu huyu amekuibia nini?"

"Sauti. Sauti ya mtoto wa ndugu yangu."

Waliangua kicheko, hata wapakiaji. "Kwani sauti iko na risiti?" askari akauliza. "Mzee huyu naongea na sauti yake, mwanaume kamili, sisi sote tunasikia. Acha shati ya mutu." Wao hawakusikia dada yangu pale. Walisikia mfanyabiashara wa kawaida. Ningewaeleza vipi?

Nilisogea mpaka karibu na mwenye duka. Nikamwambia, "Chukua yangu. Mimi sina kazi nayo. Mrudishie yake."

Akaniinamia. Alisema kwa sauti ya dada yangu, taratibu, karibu kwa huruma: "Yako ndogo sanaaa. Haijazi hata kikombe."

Akapanda lori. Lilipoondoka kuelekea Oraba tulimsikia akiimba ule wimbo wa mama anayengoja. Candiru alilifuata lori akikimbia, viatu mkononi, mpaka vumbi likammeza. Tulimkuta amekaa kando ya barabara, anatazama tu.

Tumekwenda hospitali. Daktari alimulika koo akasema ni zima, hakuna kidonda. Tumekwenda kwa padri, tumekwenda kwa shehe, Mama amekwenda na kwingine ambako hataki niandike. Baba Mdogo ameuza kompyuta, na sasa anapima kila neno kabla ya kulitoa, mpaka kumsikiliza kunachosha. Kile kisanduku kiko chini ya kitanda cha Candiru, kimefungwa kwenye kanga. Hakijaungwa na umeme tangu siku ile, lakini taa yake ya kijani inawaka. Hatujui kukiharibu ni kumkomboa au ni kumzika. Kwa hiyo hatufanyi kitu. Kila jioni tunakula chakula, tunatazamana, hatufanyi kitu.

Nawe unayesoma, nisikilize. Ukienda kununua, iwe mashine, iwe jiko, iwe hata kengele ya baiskeli, usiseme kwa mkato ukidhani utaeleweka. Ukiona hutaki kelele, sema hutaki kelele. Na muuzaji akikuuliza mara ya pili, "Yote?", toka nje.

Nimeruka kitu kimoja, asubuhi ya Jumanne, kesho yake baada ya lori kuondoka. Mtama wa shamba letu la Dadamu ulikuwa umeiva na ndege walikuwa wanashuka kwa makundi. Kufukuza ndege kulikuwa zamu ya Candiru. Alikuwa akisimama kwenye kichuguu anawaita kwa majina ya kuchekesha, na shamba la jirani nalo linapona. Aliamka alfajiri kama kawaida, akachukua dumu tupu na fimbo. Hakuna aliyethubutu kumzuia. Nikamfuata.

Alipanda kichuguu, akafungua mdomo kwa mazoea. Ndege hawakuruka. Akapiga dumu, wakaruka kidogo, wakatua tena palepale. Alinitazama. Nilikuwa sijawahi kupaza sauti mahali pa wazi maishani mwangu. Nikapanda nikasimama kando yake, nikapiga kelele. Ilitoka mbaya, nyembamba, imekwaruza. Ndege wachache wakainuka. Nikapiga tena, na tena, jua likapanda, koo likawaka moto, na yeye akipiga dumu bila kunitazama usoni. Tulipoteza nusu ya mtama.