Dume Ambaye Hakutakiwa Kushtuka

Asubuhi ya harusi ya kaka yangu, kule Gesima, mwenye wasiwasi kuliko bwana harusi nilikuwa mimi. Nilichuchumaa nyuma ya boma la ng'ombe na ile chupa ya baridi kali ambayo madaktari wa mifugo hubebea mbegu za kupandishia ng'ombe. Nilikuwa nimeiazima kwa siku mbili. Nilimwomba kila aliyepita anyamaze, na hakuna aliyenyamaza. Harusi ni harusi.

Miaka hiyo ya tisini nilikuwa nasomea shahada ya pili Nairobi, na masomo yangu yalikuwa yamekwama kwenye tezi mbili ndogo zinazokaa juu ya figo za ng'ombe. Ndani ya seli za tezi hizo kuna matone ya mafuta, na kila tone limefunikwa na protini, kama utando juu ya maziwa yaliyochemshwa. Mnyama akishtuka, ulinzi wa utando ule hulegea, mafuta yakachotwa na kugeuzwa homoni za kukabili hatari. Mimi nilitaka kuuona utando ukiwa mzima. Lakini tezi zote nilizotoa machinjioni zilikuwa za ng'ombe waliosukumwa, wakachapwa, wakanusa damu ya wenzao. Matone yalikuwa yamekwisha. Mwalimu wangu alinipa nafasi moja ya mwisho. Nikishindwa, nifunge virago nirudi nyumbani.

Ndipo nikamkumbuka dume wa baba, aliyewekwa kwa ajili ya harusi. Baba hakunisumbua. "Tezi chukua, lakini figo ni za baba yako mdogo."

Shida ilikuwa huyo baba mdogo. Yeye ndiye mchinjaji wetu, na kwake kuchinja bila vijana, kamba na kelele si kuchinja. Alipofika na kikosi chake, dume aliinua kichwa, masikio yakasimama.

"Baba mdogo, nakuomba, kamba hapana."

"Ng'ombe hii ni ya harusi, si ya shule," akanijibu kwa Kiswahili, ili wageni wa mjini wasikie. "Ama unataka nimwimbie alale?"

Watu wakacheka. Nilikasirika. Dume akapiga kwato chini, akarudi nyuma hadi kwenye ua. Kijana mmoja alikuwa tayari anakunjua kamba.

Mama akatoka jikoni akijifuta mikono kwa leso. Sikuwa nimemwomba chochote, ila wiki nzima alikuwa amenisikia nikilalamika. Dume yule alimlea mwenyewe tangu akiwa ndama aliyefiwa na mama yake.

"Waambie hao vijana waondoke," akaniambia. Kisha akamgeukia baba mdogo: "Shemeji, simama pale nyuma ya migomba, kisu ukifiche. Nitakuletea."

Alikata kipande cha shina la mgomba, akaingia bomani akimsemesha dume kwa sauti ile ile ya kila jioni. Masikio yakashuka. Dume akamfuata hadi migombani, akaanza kutafuna. Mama alimkuna katikati ya pembe bila kuacha kuongea, na baba mdogo, safari hii akinyata kama mtu aliyechelewa kanisani, akamchoma kisu kimoja kisogoni. Dume alianguka shina la mgomba likiwa bado mdomoni. Nilirukia kazi yangu kama mwizi, na tezi zikaingia kwenye chupa zingali na joto.

Siku hiyo mama aliwapakulia watu nyama hadi jioni. Yeye alikula ugali na mboga ya chinsaga.

Miezi kadhaa baadaye nilimletea picha niliyopiga kwa darubini. Shahada ilikuwa imeokoka, na nilijawa na furaha isiyo na adabu. Matone yalikuwa yamejaa tele, kila moja na duara lake jembamba la protini.

"Yamejaa kwa sababu hakuogopa," nikamweleza. "Angeogopa, yangeisha."

Mama aliisogeza picha dirishani, akaitazama.

"Basi yangu yaliisha siku ile," akasema, akanirudishia.