Hodi ya Kiume

Nilijua kwamba maradhi yamerudi siku nilipomfukuza paka jikoni. Nilimwambia "Toka!" kama nilivyomwambia kila asubuhi, na yeye, badala ya kuruka dirishani, aligeuza kichwa akanitazama kwa subira, kama mtu anayengoja mwenzake amalize kukohoa. Kisha akarudi kwenye samaki wetu. Kwa miaka mingi nimewaambia watu kwamba sikujua lolote mpaka mwisho. Ni uongo. Nilijua tangu siku ya paka. Leo sauti yangu haivuki upana wa meza, kwa hiyo sina tena cha kulinda kwa kukana.

Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini. Nilikuwa nafundisha Kiswahili katika shule ya wasichana nje kidogo ya Malindi, na nilikuwa nimerudi kuishi na mama yangu baada ya ndoa fupi isiyostahili aya nzima. Maradhi yangu yalikuwa chunjua. Chunjua zile zile ambazo watoto huota vidoleni, ila zangu zilikuwa na makuu: ziliota kooni, juu ya nyuzi za sauti. Daktari wa Mombasa aliniambia kwamba ni nadra sana kuziona kwa mtu mzima. Mimi nilisoma hadi chuo kikuu ili nisiwe mtu wa kawaida, na Mungu alinisikia.

Alinipasua, akazitoa. Nikanyamaza kama nilivyoamriwa, na sauti iliporudi ilikuwa nyembamba, safi, karibu ya kitoto. Nilizunguka mtaa mzima nikibisha hodi kwenye nyumba za watu nisiokuwa na haja nao, ili nijisikie tu. Mama alisoma maulidi ya shukrani. Watu walikula pilau wakashiba, wakanywa na kahawa. Hilo nalo lilinifunga mdomo baadaye, maana pilau ya shukrani ikishaliwa, utamwambia nani kwamba ulishukuru mapema?

Lakini daktari alikuwa amenionya. "Zina tabia ya kurudi," alisema, "na hukua mpaka zikaziba njia ya pumzi. Zikirudi, njoo upesi nikate tena. Ila nikikata tena, sikuahidi sauti."

Kwa hiyo hazikurudi. Nilikuwa na vumbi la chaki. Nilikuwa na mafua. Nilikunywa maji ya barafu. Nilikula pilipili. Mama, ambaye hakuwahi kukubali sababu ya kwanza aliyopewa, alinitafutia asali na tangawizi, akaniletea na kombe, maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa kwa zafarani sahanini, nikayanywa mpaka meno yakawa manjano. Jirani yetu alisema ni kijicho. Mumewe alisema, "Kijicho cha nini? Kasoma sana huyu, kitabu kimemkwama." Mama alicheka kuliko wote. Nilipojaribu kumjibu alinikatiza: "Nyamaza wewe, wanitishia kuku."

Asiyekaa miji yetu huenda asijue kwamba hodi si neno la adabu tu. Wanawake ndani wamekaa vichwa wazi, leso vifuani. Wakisikia hodi ya kike, hujibu "Karibu" bila kuinua macho, na mgeni huingia mpaka jikoni. Wakisikia hodi ya kiume, nyumba nzima husimama kutafuta buibui, na mgeni hungoja nje mpaka aitwe. Hawaangalii mlangoni kuna nani. Husikiliza.

Siku moja mama alinituma na sinia la mahamri kwenye nyumba ya arusi mtaa wa pili. Bibi arusi alikuwa anapakwa hina, na kicheko cha ndani nilikisikia tangu njiani. Nikasimama mlangoni.

"Hodi!"

Kicheko kikakatika. Kisha: "Mwanamume! Jamani, mwanamume!" Nikasikia kigoda kikianguka, bakuli likibiringika, mtu akilia kwamba amekanyagwa.

"Wewe baba usiye haya!" Huyo alikuwa shangazi yake bibi arusi, ninamjua tangu utotoni. "Hukuambiwa humu mna wanawake? Rudi barazani!"

"Ni mimi," nikasema.

"Na asema ni yeye! Wewe nani?"

Nikataja jina langu.

"Huyo hayupo hapa!" wakanijibu kwa pamoja.

Mwishowe mlango ukafunguliwa upenyo wa jicho moja. "Si mwanamume," jicho likasema. "Ni mwalimu." Hapo kicheko kilichorudi hakikuwa kile cha kwanza. Bakuli la hina lilikuwa limemwagikia mguu wa bibi arusi, na bibi arusi analia, na shangazi ananitazama mimi kooni kama anayetafuta mwizi.

"Mwanangu," alisema, "doa hili bwana arusi atadhani nini? Tangu leo ukija kwetu usibishe hodi. Piga makofi tujue ni wewe, Bwana Hodi."

Nilicheka nao. Yaani mabega yalicheka, koo halikutoa kitu. Jina likanitangulia mpaka shuleni. Nilipowaomba wasichana methali, kabla hawajakaa baada ya salamu, mmoja aliinua mkono kwa heshima zote, akanitazama shingoni: "Jogoo wa shamba hawiki mjini, mwalimu." Nilimwambia vizuri, kaa. Darasa zima likakaa, maana hawakusikia nani ameambiwa.

Bado sikwenda Mombasa. Badala yake nilijifunza kupiga makofi.

Nikayapiga Mambrui, nyumbani kwa mama mdogo, alikokaa bibi yangu mzaa mama. Ndiye aliyenilea mpaka nilipoanza shule. Sasa alikuwa haoni tena, na watu wote aliwajua kwa sauti zao. Nilipiga makofi, nikaingia, nikachutama kando ya kitanda nikamshika mkono.

"Shikamoo, bibi."

Aliuvuta mkono wake kama ameunguzwa. Kisha akaivuta leso mpaka usoni. "Marahaba, baba. Nani aliyekupa ruhusa kuingia humu?"

"Mama, ni mjukuu wako," mama mdogo akasema. "Yule wa chuo kikuu."

"Yule namjua." Alisema kwa upole, kama anayemweleza mtoto. "Yule ana sauti yake. Huyu mwambieni akae ukumbini, na yule akija mniitie."

Nilijaribu tena. Nilimwimbia, kwa jinsi nilivyoweza, ule wimbo wa kunibembelezea aliokuwa akiniimbia yeye. Akageukia ukutani na kuanza kuomba radhi kwa Mungu. Mama mdogo akanigusa bega. Nikaenda ukumbini, nikaletewa kahawa, nikainywa peke yangu kama wanywavyo wanaume.

Ungedhani hapo ningepanda basi la Mombasa kesho yake. Lakini mwenye elimu hakosi hoja. Nilijiambia kwamba sauti mbaya ni sauti, na sauti iliyokatwa si kitu. Bibi angenizoea. Mwalimu asiyesikika huandika ubaoni, lakini mwalimu bubu hurudishwa nyumbani kwa mama yake, na mimi nilikuwa tayari nimesharudi kwa mama yangu. Tarehe ya kwenda kuangaliwa ilipofika nikatuma salamu kwamba tuna mitihani. Ilipofika nyingine, mitihani haikuwa imekwisha. Wakati huo nikipanda ngazi za nyumbani nilikuwa natoa mlio mwembamba, na mama alikuwa akisema kutoka chini, "Birika limechemka hilo."

Basi mwalimu mkuu akaja kunitoa darasani, akanipeleka ofisini kwake. Alikuwa mama mkali, mwenye kupenda simu yake kuliko walimu wake, na hakuwahi kumpa mtu yeyote mkono wa simu hiyo. Siku hiyo alinipa. Kisha akakaa kitini pake asikie.

"Halo," nikasema.

"Halo, bwana." Ilikuwa sauti ya daktari wangu. "Namngoja mwalimu wa Kiswahili, yule mama niliyempasua."

"Ndiye mimi, daktari."

Mwalimu mkuu akajifanya anapanga kalamu.

"Ilianza lini?" daktari akauliza.

"Haijaanza. Ni chaki."

"Chaki."

"Na mafua kidogo."

"Na hiyo filimbi ninayoisikia, ni ya laini au ni yako?"

"Ni ya laini. Simu za huku kwetu, daktari, wajua mwenyewe."

"Haya. Funika kwa kiganja pale unaposemea."

Nikafunika. Chumba kilikuwa kimya kiasi cha kunifanya nisikie kifua changu wazi: pumzi ikiingia inapiga mluzi, ikitoka inapiga mluzi. Mwalimu mkuu aliacha kalamu. Nilipoondoa kiganja nilikuwa nimeibana pumzi, ili daktari asikie jinsi nilivyo mzima.

"Sasa haipo," alisema. "Laini ni safi kabisa."

Niliendelea kuibana. Niliona mwalimu mkuu akiinuka kitini.

"Pumua, mama," akasema daktari.

Nikapumua.

"Kesho asubuhi," akasema. "Na usile kitu."