Nilivyoosha Mwegea wa Mama Mkwe kwa Sabuni

Kosa ni langu peke yangu, wala msimsingizie shetani. Shetani hakuwepo. Nilikuwepo mimi na kiherehere changu.

Mimi Mzigua wa Handeni, nimeolewa Bungu, huku milimani Korogwe. Mama mkwe ndiye aliyekuwa akipika boha, pombe ya miwa, kwa ajili ya tambiko la ukoo. Mwaka huu miguu ikamgomea, akawa wa kitandani, kazi akanikabidhi mimi. Alitaka marehemu mumewe atambikiwe yeye akiwa bado hai, na yeye mwenyewe aonje boha ya nyumbani kwake kabla hajaondoka. Basi, hilo tu!

Akanichagulia mapishi mepesi kabisa. "Mwanangu, wewe mgeni wa kazi hii. Maji ya miwa na mwegea, basi. Funika, ngoja siku mbili, usiongeze kitu."

Mwegea ni mti wa porini, tunda lake hukatwa vipande vikakaushwa, ndivyo vinavyoumua pombe. Vyake vilikuwa kwenye kikapu darini jikoni, vyeusi kwa moshi, vinanuka uchachu. Mimi na kidato changu cha nne nikaona uchafu! Nikavichemsha, nikavisugua kwa sabuni ya unga, nikavianika mpaka vikang'aa. Jamani, na nikajisifu!

Boha haikuumuka. Siku ya pili hata povu hakuna. Badala ya kwenda kumwambia, nikafungua simu, nikamkuta mtu anafundisha bia ya nyumbani kwa wanaoanza. Nikamimina sukari, hamira ya maandazi na tangawizi. Ikafura mpaka ikamwagika.

Wazee wakaja. Kaka mkubwa wa marehemu akaonja, akatema. "Hii nini sasa?" Wakaondoka bila kutambika.

Nikaingia chumbani, nikamweleza mama yote. Akauliza jambo moja tu: "Umeviosha na sabuni?"

"Ndiyo, mama."

Akageukia ukutani. Nikalia, nikamwambia nitatafuta mwegea mpya.

"Mwegea mpya upo porini, mwanangu. Vile nilipewa na mama mkwe wangu, naye alipewa na wake. Kila boha iliacha chachu yake mle."

Loo! Nilitamani ardhi inimeze.

Nilizunguka hadi Dindira, kwa ndugu zake aliowagawia vipande zamani. Wote wameokoka, walishavichoma moto.

Mama hakuionja boha aliyoitaka. Tulimzika kabla miwa mingine haijakomaa. Mume wangu hanigombezi, na afadhali angenigombeza! Wazee wanasema tambiko la nyumba ile limekwisha, nami sina cha kubisha.

Wewe unayejifunza kupika pombe, ukipewa mapishi mepesi yafuate hivyo hivyo yalivyo. Na kitu cha mtu mzima usichokijua, muulize kabla hujakiosha. Mama alikuwa chumba cha pili tu, hatua tano kutoka jikoni, na alikuwa macho. Sikwenda. Siku hizi ninayo maswali tele, na kitanda ni kitupu.