Kiti cha Kudra

Kazi ya Bi Mwanamkuu ilimshinda kuieleza hata kwa mama yake mzazi. Alisomea tiba kwa vitendo, yaani kumfundisha mtoto mwenye ulemavu kukaa, kula, kuvaa na kuandika kwa viungo alivyo navyo. Lakini pale Kibiti, miaka ile ya ruksa, biashara imefunguliwa huria, mitumba imejaa kila gulio na wafadhili hawakatiki, watu walimwita daktari na kumwomba sindano. Akisema hana, walimwona anawabania.

Alipewa shule zote za ukanda ule, mpaka za kwenye delta, bila hata baiskeli. Huko Maparoni ndiko alikomkuta Kudra, binti wa miaka minane, akili zake nyepesi ajabu lakini mgongo haumshiki. Asipoegemezwa, anaanguka. Mwalimu Sadala, mwalimu mkuu, alikwisha kusema wazi kwamba mtoto asiyeweza kukaa na kuandika hapandi darasa la pili, abaki kwao.

Bi Mwanamkuu akamganda Miraji, seremala wa Kibiti, mpaka akamtengenezea kiti chenye mbao za kumshika mtoto ubavuni na kimeza mbele. Kikapakiwa mashuani hadi Maparoni. Kudra alipokalishwa alishika kalamu, akaandika jina lake, herufi zinakwenda upande lakini zinasomeka. Bi Mwanamkuu alitoka nje akalia, akajifuta, akarudi.

Mwezi uliofuata alimkuta Kudra chini, ameegemezwa ukutani kama gunia la mpunga.

"Kiti kiko wapi, Mwalimu?"

"Kipo salama ofisini, Bi Mwanamkuu. Wageni wa mradi wanakuja. Watoto wakikichorachora tutawaonyesha nini?"

"Si mtawaonyesha mtoto amekikalia!"

"Kitachafuka," akasema Mwalimu Sadala, kwa upole wa mtu anayemwelewesha mgonjwa.

Kikatolewa kwa maneno makali. Aliporudi tena, kimerudishwa ofisini, kimetandikwa kitambaa cha kufuma, na juu yake imewekwa redio. Jamani! Alitamani kuibeba ile redio akaitose mtoni. Badala yake akaokota kipande cha nyuma cha mtumbwi uliooza, akawaomba wazazi wakikate na kukichimbia katika sakafu ya udongo ya darasa, akajaza matambara, kikawa kiti. Kilikuwa kibaya, kinanuka samaki. Hiki, alijiambia, hakuna mgeni atakayekitaka.

Wageni wakaja, wakakipiga picha hicho hicho, wakasifu ubunifu wa shule.

Miaka miwili baadaye chuo kikuu kimoja jijini kilimwita akafundishe, naye akaenda Maparoni kuaga. Kipande cha mtumbwi alikikuta ofisini, kimeng'olewa, kimepakwa vanishi, kimekaa sambamba na kiti cha Miraji. Mwalimu Sadala alikuwa akitabasamu kwa fahari. Bi Mwanamkuu akageuka akatoka. Angefungua kinywa angetukana, naye alikuwa na udhu.

Akaenda darasa la tatu, akijua atamkuta Kudra sakafuni, au hatamkuta kabisa. Alimkuta kwenye benchi. Wenzake wawili, Muzdalifa huku, Hafidha kule, wamembana kwa mabega katikati, naye anaandika kwa kasi bila kuinua macho.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Nitakuletea kiti kingine."

"Usilete, Bi. Nacho watakifungia."

Muzdalifa akasogea, akambana zaidi.

Siku yake ya kwanza chuoni, Bi Mwanamkuu aliomba vifaa vya kufundishia. Mtunza ghala akamwambia vipo, vipya kabisa, ila vinasubiri mheshimiwa aje kuvizindua. Bi Mwanamkuu alicheka mpaka machozi yakamtoka, na hayakuwa yote ya kicheko. Kisha akaingia darasani mikono mitupu, akawaita wanafunzi watatu wakae kwenye benchi moja.

"Wewe wa katikati, legeza mgongo. Nyie wawili, mbaneni. Na msimwachie mpaka amalize kuandika jina lake."