Tangi Lililojaa

Kwa nini mtu ajaze mafuta skuta ambayo haitaendeshwa mpaka theluji iyeyuke? Juzi nilimwona jirani akijaza yake, na harufu ya petroli ikanirudisha utotoni Tensta, mtaa wa ughaibuni tulikokimbilia, kwenye banda la baiskeli nyuma ya jengo letu. Baba alikuwa akimimina kwenye tangi la skuta yake petroli mpya, iliyochanganywa na oili, mpaka ikataka kumwagika.

"Baba Aisha, unakimbia tena?" Mama alimtania. "Kampala ulijaza hivyohivyo, kesho yake tukavuka mpaka."

Baba alicheka. Mimi sikucheka. Nilipanda juu, nikavaa viatu, nikakaa mlangoni nisije nikaachwa.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kwamba tangi lisilojaa huingia unyevu wakati wa baridi, likashika kutu. Kumbe Baba alikuwa akijiandaa kubaki.